UKURASA WA WAZAZI: Matofali ya plastiki kwenye fungu la caguwa

Mama mmoja wa darasa la wadogo ameniuliza kama ni kupoteza pesa kununua yale matofali ya plastiki ya kuchezea yanayopatikana sokoni Kamembe, katikati ya caguwa. Wengi mmeyaona, yamechanganywa na magari yasiyo na magurudumu na vichwa vya wanasesere. Jibu langu: si kupoteza, ila usinunue gizagiza. Hilo neno caguwa lenyewe ni Kiswahili chetu, chagua, kwa hiyo tuchague kweli.

Yanayojulikana zaidi ni ya LEGO, ya kule Denmark. Kampuni iliomba hataza ya muundo wake Januari 1958, na tofali la mwaka ule bado linashikana na la leo. Ndiyo maana mtumba wake una faida: ukipata vitano leo na vitatu mwezi ujao, vyote vinaungana. Tazama juu ya kila kinundu, jina limeandikwa. Yasiyo na jina si mabaya yote, lakini yajaribu palepale mbele ya muuzaji, hata akinuna. Unganisha mawili, tikisa. Yakiachana, rudisha. Yakikataa kuachana hata wewe mtu mzima ukivuta, rudisha vilevile, maana mtoto atatumia meno.

Sasa hatari. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe vipande vidogo, hapana kabisa. Vinaziba koo. Na sisi tunaolala wakubwa kwa wadogo chumba kimoja, kipande kimoja kilichobaki chini ya mkeka kinatosha kuleta msiba. Kwa wadogo tafuta DUPLO, yale makubwa yaliyoanza 1969: urefu, upana na kimo ni mara mbili ya yale madogo.

Kuna na habari ya rangi. Mwaka 2018 mtafiti Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alipima vitu 200 vya plastiki vya kuchezea vilivyotumika, akakuta madini ya sumu kama risasi na kadimiamu katika baadhi yake, hasa vyekundu, vya manjano na vyeusi. Basi kile kinachoonekana cha zamani sana, kimepasuka au kinabanduka rangi, kiache hapohapo, hata ukipewa bure. Na mtoto anayetia kila kitu mdomoni asicheze na vya zamani.

Ukifika nyumbani osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki uliochakaa, anika kivulini. Usichemshe, vitapinda na havitashikana tena.

Kuhusu bei, muombe muuzaji akuuzie kwa fungu, si kimoja kimoja. Wazazi watatu mkichanga mnapata fungu zuri. Lakini mimi sikubali mtu auze unga wa mgao kwa sababu ya plastiki. Kama pesa ni ya sabuni, nunua sabuni. Udongo wa kufinyanga upo na watoto wanaupenda.

Mtoto anajifunza nini? Tofali la vinundu nane ukiliweka juu ya mawili ya vinundu vinne, hesabu imeshafanyika bila chaki. Na matofali sita tu ya vinundu nane yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765, kwa hiyo msimwambie mtoto "hujengi vizuri." Wengine wanajenga nyumba waliyoiacha, halafu wanaibomoa. Kaeni karibu, msiwakataze, msiwaulize maswali mengi. Akitaka kusema, atasema.

Mwenye vipande visivyo na wenzake alete darasani Jumamosi saa tisa, tutabadilishana. Mwezi ujao: mpira wa matambara usiofumuka.