Kibarua wa Shambani Naye Ana Haki ya Kuungana

Ndugu wakulima, leo viwavijeshi na mbolea ya kukuzia tuviweke pembeni kidogo. Nataka tumuongelee mtu ambaye bila yeye mahindi yako yangemezwa na magugu. Namaanisha kibarua.

Ukitaja chama cha wafanyakazi wengi wetu tunawaza walimu, manesi na maandamano ya Mei Mosi. Tunasahau kwamba madai ya wafanyakazi nchi hii yana mizizi shambani. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na miaka mingi ndio uliobeba uchumi wa Tanganyika. Aliyeukata ni manamba, mtu aliyetolewa mbali na kwao akapewa kadi ya kipande. Alitakiwa akamilishe siku 30 za kazi ndani ya siku 42. Asipomaliza kipimo cha siku, siku hiyo haikuandikwa, hata kama ametoka jasho mpaka jioni. Watu wale walichoka. Mwaka 1955 likaanzishwa Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, na mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge pale Mazinde, Korogwe, wakagoma kwa wiki nyingi.

Baadaye, mwaka 1964, TFL ikavunjwa na kikaja chama kimoja, NUTA, chini ya serikali. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipozoea kuona chama ni kitu kinachotoka juu, kazi yake kukata ada tu. Hayo mazoea bado tunayo.

Siku hizi kipo TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, na utakikuta kwenye mashamba makubwa ya chai, mkonge, miwa na maua. Huko angalau mtu ana pa kuanzia. Tatizo langu ni huku kwetu, kwa mkulima wa ekari tano au kumi anayeita vibarua kumi na wawili wakati wa palizi. Hapa hakuna anayejiona mwajiri. Anajiona naye ni maskini tu kama wao, kwa hiyo sheria haimhusu. Inamhusu!

Nimeshaambiwa mara nyingi: "Bwana shamba, hawa wakianza kuungana bei ya kupalilia itapanda, mimi nitalipa na nini?" Sawa, hofu hiyo naielewa, maana bei ya mazao inajulikana ilivyo. Lakini jiulize, wewe mwenyewe kwa nini umejiunga na AMCOS? Si kwa sababu ukiuza gunia lako peke yako mchuuzi anakupangia bei anavyotaka? Mnapeleka korosho ghalani pamoja, mnasubiri mnada, na bei ikiwa mbovu mnakataa kuuza. Mimi nimewahimiza wengi wenu mfanye hivyo. Sasa vibarua watano wakikaa chini ya mwembe wakasema kwa hela hiyo hatushuki shambani, wanaitwa wakorofi. Ni jambo lile lile, tofauti wewe unauza korosho na yeye anauza nguvu zake.

Kuna la bei, halafu kuna la uhai. Kupiga dawa. Kijana anabebeshwa bomba mgongoni, amevaa kandambili, amejifunga fulana mdomoni, anapuliza dawa ambayo hata chupa yake hajaiona kwa sababu imechanganywa na tajiri nyumbani. Rangi ya chini ya lebo inaeleza ukali wa dawa: nyekundu ndiyo hatari zaidi, kijani ndiyo yenye sumu kidogo. Huyo kijana ana haki ya kuiona lebo kabla ya kushika bomba. Buti, glavu, barakoa na ovaroli ni juu ya mwenye shamba, na tena si vya kumkata kwenye malipo. Akiwa peke yake akidai glavu, kesho anaitwa mwingine. Wakiwa kumi wakidai pamoja, glavu zitanunuliwa. Sijui njia nyingine iliyowahi kufanya kazi haraka kuliko hiyo.

Halafu ile "nikivuna nitakulipa". Jamani, kibarua hakopeshi mbegu wala mbolea, ila tunamkopa chakula cha watoto wake miezi minne. Ukame ukija, deni linakufa na mahindi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, yaani kama 5,400 kwa siku ukigawa kwa siku 26. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo kabla ya msimu pita ofisi ya kazi ya wilaya au mkoa uulize kilichopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inaweka saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kuwatoa watoto shule wakavune vitunguu si kusaidiana.

Kwa vibarua mnaosoma hapa: kuanzisha chama kipya kunahitaji watu wasiopungua 20, lakini kujiunga na kilichopo hakuhitaji ruhusa ya tajiri. Ukifukuzwa kionevu, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine kama malipo ni siku 60. Usikae ukisubiri huruma mpaka muda uishe.

Na wewe mwenye shamba, nunua daftari. Andika jina, kazi, siku na kiasi mlichokubaliana, kila mmoja aweke sahihi au dole gumba. Mfanyakazi wa siku sita au zaidi kwa mwezi anastahili maelezo ya kazi kwa maandishi, na mkifika mbele ya CMA bila karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wako.