Mjane wa Kenton na Robo ya Kodi Yake

Kenton Road imeugawa mtaa wa Kenton, London: upande huu halmashauri ya Harrow, upande ule Brent. Kote kuwili wamo Wagujarati wa Afrika Mashariki, wakiwemo waliotoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa siku 90 wafunge virago. Wapo akina bibi humo wanaozungumza Kigujarati na Kiswahili kwa ufasaha, lakini barua ya Kiingereza husubiri mjukuu atoke shule.

Chukua barua ya kodi ya halmashauri. Mjane anayeishi peke yake ana haki ya kupunguziwa asilimia 25. Hata akiweza kuisoma, asipojua robo ya kodi yake ni pauni ngapi, hatatambua kama amekosewa. Kusoma na kuhesabu vimo katika karatasi hiyohiyo moja. Serikali imekazania kusoma, hesabu ikaipa kisogo.

Mwaka 1999 ripoti ya Claus Moser kwa serikali ilieleza kuwa mtu mzima mmoja kati ya watano Uingereza hajui kusoma na kuandika kiasi cha kumtosha maishani. Mwaka 2001 ukaja mpango wa Skills for Life, uliolenga watu milioni 2.25 kufikia 2010. Lengo lilitimia kabla ya wakati, wakubwa wakapongezana. Kisha utafiti wa serikali yenyewe wa 2011 ukaonyesha waliofaidika ni nani. Wasomaji wa ngazi ya juu walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 44 hadi 57. Wa ngazi za chini walibaki palepale, 16 kwa 15. Katika hesabu, walio chini waliongezeka, kutoka 47 hadi 49. Lengo lilihesabiwa kwa vyeti, na ukimdai mwalimu vyeti, atamtafuta aliyebakiza hatua moja. Simlaumu mwalimu. Namlaumu aliyeweka kipimo.

Multiply, mpango wa hesabu wa 2022 uliotengewa hadi pauni milioni 559, ulikuwa na busara zaidi: uliruhusu watu wafundishwe kupitia bajeti ya nyumbani, bila kulazimisha cheti. Machi 2025 ukafungwa.

Tanzania tuliyaona haya. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na vitabu vya kisomo Kanda ya Ziwa vikafundisha kwa pamba, ng'ombe na uvuvi. Wasiojua kusoma, waliokuwa kama theluthi mbili mwaka 1967, walishuka hadi takriban asilimia 10 mwaka 1986 kwa hesabu za serikali. Msukumo ulipolegea, idadi ikapanda tena.

Tangu 2019 fungu la elimu ya watu wazima la London liko kwa Meya. Alipie madarasa kwa hatua anayopiga mwanafunzi wa chini kabisa, tena kwa muda unaozidi miaka mitatu. Na bibi aliyeuza duka Kisumu, anayerudisha chenji kwa kichwa, apimwe hesabu kwa Kigujarati au Kiswahili, asirudishwe darasa la mwanzo kwa sababu tu swali liliandikwa kwa Kiingereza.