Sauti Yangu, Jina Lako?

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, leo nina ugomvi na sitamung'unya maneno.

Iko filamu ya Marekani iitwayo Singin' in the Rain, ya mwaka 1952. Wengi mnamjua yule jamaa anayecheza mvuani na mwavuli, Gene Kelly. Wakati wa kupiga picha zile alikuwa na homa kali, akacheza hivyo hivyo. Sawa, apewe sifa zake. Mimi nataka tuchungulie nyuma ya pazia.

Hadithi yenyewe ni hii: filamu zimeanza kusema, nyota Lina Lamont ana sauti mbovu, basi binti asiyejulikana, Kathy Selden, anafichwa amwimbie na kumsemea. Mwishoni pazia linavutwa, watu wanamwona mwenye sauti. Nasi tunapiga makofi, eti haki imetendeka!

Haki gani, bwana? Debbie Reynolds aliyeigiza Kathy alikuwa na miaka 19 tu, wala hakuwa mchezaji dansi. Alifanya kazi mpaka miguu ikatoka damu. Jasho lake naliheshimu. Lakini Kathy anapomwimbia Lina, tunayemsikia siye Debbie, ni Betty Noyes. Na Kathy anapomsemea Lina, sauti ni ya Jean Hagen, yule yule aliyeigiza Lina! Jina la Betty Noyes halimo katika orodha ya filamu. Yaani filamu inayolaani wizi wa sauti nayo iliazima sauti, ikamficha mwenyewe.

Wala haikuwa mara moja. Marni Nixon aliwaimbia Deborah Kerr mwaka 1956, Natalie Wood 1961 na Audrey Hepburn 1964. Filamu zote tatu hazikumtaja.

Wapo watakaosema ndiyo desturi ya kazi, mtazamaji anataka wimbo mzuri, jina la nini? Hayo nimeshaambiwa. Niliwahi kuandikia kikundi fulani mchezo wa jukwaani. Siku ya maonyesho nikalipa kiingilio kama wengine, nikakuta tangazo lina jina la mkubwa wao. Nilipouliza nikajibiwa: "Dogo, shukuru umepata uzoefu." Kama jina si kitu, mbona yeye hakulifuta lake?

Basi tuache kulia. Andika jina na tarehe kwenye kila ukurasa wa mswada, baki na nakala, ndipo uutoe.

Na tujichunguze. Mazungumzo ya akina mama katika riwaya ninayoandika, dada yangu ndiye huyasahihisha usiku, akiwa amechoka na kazi. Mpaka naandika makala hii sikuwa nimefikiria kumtaja popote. Riwaya ikitoka, tafuteni jina lake ukurasa wa kwanza. Mkilikosa, nami ni mwizi kama wao.