Barabara ya Tabora

Watoto wetu wa Lubumbashi hupita barabara ya Tabora na ile ya Mahenge wakienda shuleni. Ukiwauliza Tabora ni nini, wengi hujibu: ni njia tu. Basi twapenda leo kuwapa baba na mama neno la kuwaeleza.

Mji wetu ulianza mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Aliyeupanga ni Emile Wangermée, afisa wa jeshi na mjenzi wa ngome. Kwa hiyo njia zake zilinyoka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Yeye alichora, waliokata miti na kusawazisha nchi hii ya vichuguu ni watu weusi, wengine wakitoka Luapula, wengine mbali zaidi. Nao wenyewe hawakuruhusiwa kukaa katika mji huo: katika miaka ya 1920 walipangiwa Kamalondo, ng'ambo ya uwanja ulioachwa wazi makusudi ili kuwatenga na Wazungu.

Majina mengine hayana fumbo. Barabara ya Kasenga huenda Kasenga, kulikotoka samaki wa Luapula. Barabara ya Étoile iliitwa kwa jina la mgodi, ambao wenyeji waliujua kama Kalukuluku. Majina ya kifalme yalifutwa baada ya uhuru, na Elisabethville yenyewe ikaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Leo tuna barabara ya Sendwe, na ya Lumumba pia, aliyeuawa karibu na mji huu huu tarehe 17 Januari 1961.

Lakini Tabora na Mahenge zimebaki. Hiyo ni miji ya Tanzania! Askari wa Kongo waliitwaa Tabora kutoka kwa Wadachi mwezi wa Septemba 1916, na Mahenge mwaka 1917. Jemadari wao huko Tabora, Tombeur, aliyekuwa mtawala hapa Katanga kabla ya vita, alipewa na mfalme cheo cha Baroni wa Tabora. Wapagazi hawakupewa cheo. Walibeba risasi na chakula vichwani, majuma kwa majuma, na wengi sana walikufa kwa njaa, kwa baridi ya milimani na kwa kuhara damu, wakazikwa kando ya njia.

Wako wanaosema majina hayo ni ya ukoloni, yafutwe. Sisi hatukubali. Ushindi ule Wabeleji waliuhesabu kuwa wao, lakini miguu iliyofika Tabora ilikuwa ya mababu zetu, na vibao hivyo vinatukumbusha safari hiyo.

Kama katika ukoo wenu kuna mzee aliyesikia habari za babu aliyebeba mizigo katika vita vile, mkamwulize jina lake na kijiji alichotoka, mkaandike.