Ndoto ya mwalimu kijana Nairobi yahitaji daftari la mzazi

Kijana anayemaliza masomo ya ualimu nchini Kenya leo huingia kazini na ndoto ya kawaida kabisa. Anataka mtoto wa Mathare au Mukuru amalize shule ya msingi akisoma gazeti bila kukwama na akipiga hesabu ya chenji bila kudanganywa. Anachokikuta ni madawati yaliyobanana, foleni chooni na daftari za kusahihisha zisizokwisha hata usiku wa manane.

Ndoto hiyo si ya kuchekwa. Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, zaidi ya wanafunzi milioni moja waliongezeka madarasani. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 1997, na Tanzania ikafika hadi kidato cha nne mwaka 2016. Milango ilifunguliwa kote, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Kisha Januari 2023, shule hizo hizo za msingi za Kenya zikaongezewa sekondari ya chini.

Wafanyabiashara wanaelewa hesabu, basi na waitazame hii. Ruzuku iliyowekwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 za Kenya kwa mwaka. Ukiigawa kwa siku za masomo, haifiki shilingi nane kwa siku. Fedha hiyo hainunui hata chapati moja, na bado mara nyingi huchelewa kufika shuleni.

Mwalimu kijana naye huchukuliwa kama mwanagenzi, kwa posho isiyozidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Mei 2024 wanagenzi wa sekondari ya chini waligoma wakidai ajira ya kudumu. Waliowalaumu kwa kuwatelekeza watoto walisahau kwamba matumaini hayalipi kodi ya nyumba.

Wapo wanaosema dawa ni kumpeleka mtoto shule ya binafsi. Mama wa mitumba Gikomba na muuza vitunguu vya Tanzania pale Wakulima hufanya hivyo, biashara ikienda vizuri. Lakini lori likikwama Malaba au Namanga kwa siku tano, mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Shule ya umma iliyo imara ndiyo akiba ya mfanyabiashara siku mzigo unapokwama. Kuikimbia ni sawa na kubomoa ghala kwa sababu paa linavuja.

Wajibu wa kwanza ni wa serikali: kuajiri walimu kwa mkataba wa kudumu na kutuma ruzuku kabla muhula haujaanza. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 53, inamhakikishia kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hiyo ni haki, na haki hudaiwa.

Anayeweza kuidai ni mzazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawapa wazazi wawakilishi katika bodi ya shule. Hata hivyo, mikutano huhudhuriwa na wachache, na mfanyabiashara huwa wa kwanza kuomba radhi kwamba yuko safarini. Mtu huyo huyo mpakani hakubali kulipa hata shilingi mia bila risiti. Aulize na shuleni: ziliingia ngapi, zilitumika wapi, zimebaki ngapi? Asiyeweza kufika amtume jirani au mwenzake wa sokoni.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na shule ya umma ni mali ya wazazi. Mwalimu kijana yuko tayari kufundisha. Akiachwa peke yake atachoka, atatafuta kazi nyingine, na watakaobaki na hasara ni watoto.