Nzi wa Mbwemkuru Hawataondoka kwa Kopo la Sumu

Msimu wa korosho unapofika katika bonde la Mbwemkuru, wakazi wa Nachingwea na Ruangwa huvuna vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni korosho, nazo huokotwa kwa makini, huanikwa, hupimwa na kupelekwa ghalani. Cha pili ni nzi. Mabibo huachwa yaoze chini ya mikorosho na nyuma ya nyumba. Makapi ya mabibo yaliyokamuliwa hutupwa kando ya njia. Na mvua za kwanza zinapoyalowesha, nzi hujaa jikoni, juu ya uji wa mtoto na katika pembe za macho yake. Hapo ndipo mwenye mshahara hukimbilia dukani kununua kopo la dawa ya kupuliza, na asiye na mshahara huchukua mabaki ya dawa ya mikorosho akanyunyiza chumbani. Wote wawili hulala wakiamini kwamba wamepigana vita. Ukweli ni kwamba hawajamgusa adui hata kidogo.

Adui hashindwi kabla hajajulikana. Nzi wa nyumbani hazaliwi ukutani wala mezani, bali huzaliwa katika samadi, kinyesi na takataka zinazooza. Jike mmoja hutaga mayai mia hivi kwa mara moja, naye hutaga mara kadhaa katika uhai wake mfupi. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja. Funza hula uchafu ule ule uliowazaa. Na katika joto la Lindi, siku saba hadi kumi zinatosha kuligeuza yai kuwa nzi kamili. Basi anayepuliza dawa sebuleni huwaua wale waliokwisha kuzaliwa, huku kizazi kipya kikinenepa katika lundo la taka hatua ishirini kutoka mlangoni. Juma lijalo atanunua kopo jingine. Anayefaidika na vita vya namna hiyo ni mwenye duka.

Dunia ilikwisha kulipa ada ya somo hili. DDT ilipoenea majumbani baada ya Vita Kuu ya Pili, wengi walitangaza kwamba siku za nzi zimekwisha. Lakini mnamo mwaka 1946, huko Sweden, walikwisha kuonekana nzi ambao DDT haikuwadhuru. Waliokuwa dhaifu walikufa, waliokuwa sugu wakazaana. Tangu hapo kila dawa mpya imefuata njia hiyo hiyo, na mwaka 2001 Mkataba wa Stockholm uliiweka DDT yenyewe chini ya masharti makali kwa sababu ya madhara yake ya kudumu.

Jambo la hatari zaidi ni desturi ya kuhamisha sumu za shambani na kuziingiza nyumbani. Kiuatilifu husajiliwa kwa kazi iliyotajwa, kwa kipimo kilichotajwa na kwa kinga iliyotajwa. Kilichokusudiwa wadudu wa mikorosho hakikukusudiwa chumba anamolala mtoto mchanga. Sumu hiyo hukaa katika mikeka, katika vyungu na katika sakafu anayotambaa mtoto kabla ya kutia vidole kinywani. Wapo hata wanaonyunyiza salfa wakidhani inaua nzi, ilhali salfa hutumika mikoroshoni kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ni ukungu. Huo ni ujinga uliovaa nguo za maendeleo.

Wapo watakaosema kwamba dawa, hata hivyo, inafanya kazi. Haifai kuwakatalia kwa ubishi mtupu. Utafiti uliofanyika vijijini Gambia na kutangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba unyunyizaji wa dawa ulipunguza nzi wanaotua machoni mwa watoto kwa asilimia 88, na vyoo vya kawaida vikawapunguza kwa asilimia 30. Kwa haraka mtu atasema dawa imeshinda. Lakini dawa ile ilinyunyizwa tena na tena, kwa fedha na watu waliotengwa kwa kazi hiyo. Ni kijiji gani cha Mbwemkuru kitakachonunua dawa kila juma, mwaka baada ya mwaka? Mradi ukiisha, nzi hurudi. Choo kilichochimbwa hubaki, nacho hufanya kazi usiku na mchana pasipo kudai senti.

Na yafaa ieleweke kwa nini choo kina nguvu hiyo. Nzi anayependa macho ya watoto, na anayesaidia kueneza ugonjwa wa vikope unaopofusha, huzaliwa hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Katika shimo la choo hapati makazi mazuri. Maana yake ni kwamba kaya inayokwenda porini, au inayotupa kinyesi cha mtoto nyuma ya nyumba kwa kisingizio kwamba cha mtoto hakina madhara, ndiyo inayofuga nzi wa upofu. Hakuna kopo litakaloifanyia kaya hiyo kazi ya jembe.

Kazi yenyewe si ngumu. Choo kiwe na mfuniko, na kinyesi cha mtoto kitiwe humo. Mwenye uwezo ajenge choo chenye bomba la hewa, namna iliyobuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970: upepo unaopita juu ya bomba hufyonza harufu, na nzi walio shimoni huufuata mwanga wa bomba, wakazuiwa na wavu wa waya na kufia humo. Chumba cha choo hicho sharti kiwe na giza kiasi, ama sivyo nzi watatokea tunduni. Mabibo na makapi yafukiwe siku ile ile, na udongo ushindiliwe, maana nzi mchanga aweza kupenya udongo tifutifu. Samadi isikae zizini juma zima: ianikwe ikauke, au irundikwe iwe mboji na kupinduliwa, ili joto la ndani liue mayai na funza. Kuku waachiwe wachakure. Chakula kifunikwe kwa kawa, vyombo vioshwe kabla ya kulala, madirisha yawekwe wavu, na nyuso za watoto zioshwe. Baada ya hayo, wale wachache watakaosalia wapigwe kwa kipepeo cha ukindu au wanaswe kwa mtego. Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu, lakini hawakusema kidonda kiachwe wazi.

Sasa swali linawaelekea watumishi wa umma na walimu. Ni mara ngapi ofisa huonekana akiwahimiza wanakijiji wachimbe vyoo, ilhali nyuma ya nyumba yake ya serikali taka zimefika kiunoni? Ni mara ngapi mwalimu huwafundisha watoto hatua nne za uhai wa nzi, yai, funza, buu na nzi kamili, akazichora ubaoni kwa chaki za rangi, ilhali choo cha shule hakina mfuniko wala maji ya kunawa? Mtoto husoma ubao kwa dakika arobaini, lakini husoma mwenendo wa mwalimu mwaka mzima. Kopo la dawa juu ya kabati la mtumishi limekuwa alama ya cheo, na jirani mkulima, akiliona, hujifunza kwamba usafi ni kitu cha kununuliwa. Kwa kuwa hana fedha, huona kwamba usafi haumhusu.

Taifa hili liliwahi kuonyesha njia iliyo bora. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe. Walichimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Hawakusubiri shehena ya sumu kutoka ng'ambo. Waliolegea ni waliokuja baadaye, walioona kwamba jembe ni la zamani na kopo ni la kisasa.

Nachingwea ina ushahidi mwingine katika ardhi yake. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, na mashine nyingi na fedha nyingi, pasipo kuijua vema nchi waliyoilima. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeanguka. Nguvu isiyotanguliwa na maarifa haikuishinda ardhi ya kusini, wala haitamshinda nzi wake.

Kwa hiyo kabla mabibo ya msimu ujao hayajaanza kudondoka, kila mtumishi na kila mwalimu wa bonde hili na azunguke nyuma ya nyumba yake mwenyewe akiwa na jembe mkononi. Akikuta pasafi, ndipo aende kwa jirani kuhimiza. Akikuta pachafu, basi mkutano wa afya uanzie hapo hapo.