Samaki wa kutazamwa na samaki wa chunguni



Juma lililopita, wakati wa likelemba, mmoja wetu alitoa simu akatuonyesha picha za binti yake anayeishi Ubelgiji. Binti huyo alikwenda vakansi Zanzibar pamoja na wenzake wa kazi. Walikodi boti ya matanga kwa siku tano, wakapika humo, wakalala humo, na kila asubuhi walishuka baharini wakiwa na lineti za maji usoni na kabomba ka kupumulia mdomoni. Picha moja ilimuonyesha amelala kifudifudi juu ya maji, na chini yake samaki wa manjano wamejaa kama watu kwenye soko la Jumamosi.

Mama mmoja akauliza: "Na walivua wangapi?"

Hata mmoja. Walilipa feza ili wawatazame, basi. Tulicheka sana. Lakini chini ya picha binti alikuwa ameandika hivi: "Mama, nimekulia kando ya ziwa. Mbona sikuwahi kumuona samaki akiwa mzima, ila chunguni?" Hapo kicheko kiliisha, kwa maana hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu.

Tuanze na huko alikokwenda. Mnemba ni kisiwa kidogo upande wa kaskazini-mashariki wa Unguja, kimezungukwa na matumbawe, na boti nyingi za wageni hukimbilia pale. Wenye siku za kutosha huendelea hadi Pemba, ambako sakafu ya bahari inakatika ghafula kama ukuta. Pale ni pa wale wanaozama na chupa ya hewa mgongoni, kazi ambayo sherti mtu aifundishwe kwanza na apewe cheti. Kusini zaidi kuna Mafia, ambako bahari inalindwa kama hifadhi tangu mwaka 1995. Kuanzia mwezi wa kumi watu hufika huko kuogelea karibu na papa potwe, samaki mkubwa kupita gari, ambaye chakula chake ni vidudu vidogo vya majini na hana habari na mtu.

Ila kilichotugusa sisi ni Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar. Matumbawe yake hayavuliwi. Wavuvi wa zamani walipewa kazi ya kuyalinda, na watoto wa shule wa Unguja hupelekwa kule kuvaa lineti na kutazama chini. Wengi wao wamezaliwa kando ya bahari na hawajawahi kuweka uso ndani yake, wasichana hasa. Tuliposikia hivyo tukatazamana.

Kati yetu 14 tuliokuwa tumekaa pale, wanaojua kuogelea walikuwa watatu. Na wote watatu walijifunza kwa kujificha.

Tusidhani basi kwamba vitu vya kutazama viko baharini tu. Ziwa letu Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani ni Baikal ya Urusi peke yake inayolipita. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja, wale wa mawe wenye mapezi ya miiba, na karibu wote hawapatikani penginepo. Wazungu wanaofuga samaki nyumbani kwao ndani ya vioo wanawajua kwa majina ya vijiji vyetu: Moba, Kapampa, Kiriza. Wageni wanaotaka kuwaona huenda Kigoma, au Mahale, au Nsumbu upande wa Zambia. Kwetu vita vimewafungia njia. Lakini samaki hawana mpaka, na mawe ya Ubwari ni mazuri sawa na ya ng'ambo.

Mwalimu wa biolojia wa mtoto wa mmoja wetu alikubali kuja kutueleza, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ni habari za uzazi.

Wengi wa samaki hawa wa mawe huzalia mdomoni. Mama hutaga mayai machache, mara moja anayaokota na kuyaweka kinywani. Hata yakianguliwa watoto wanabaki humo humo. Kwa aina fulani inafika mwezi mzima, mama anakula kwa shida, anakonda, mashavu yamevimba. Wapo wengine wadogo kama kidole wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kila mmoja na nyumba yake mchangani, akitishwa anaingia ndani. Kuhe, yule mkubwa tunayemjua wote, baba na mama wanalinda watoto pamoja. (Hapo wamama walipiga makofi na kuwataja waume fulani ambao hatutawaandika.)

Kisha kuna mwizi. Ni samaki mwenye ndevu na madoadoa meusi. Anangoja mama wa mawe anapotaga, anapita haraka na kuacha mayai yake katikati ya yale. Mama anayaokota yote bila kujua. Ya mgeni yanaanguliwa mbele, na watoto wake wanawala watoto wa mwenye kinywa, humo humo kinywani. Mama mmoja alisimama akasema huyo samaki anamjua, ni jirani yake.

Mwalimu aliongeza jambo moja ambalo hatukulijua. Kina chote kile cha ziwa, sehemu kubwa haina hewa ya kuvuta. Huku kwetu kaskazini, ukipita kama mita 100 kwenda chini, samaki hawezi kuishi. Maana yake uhai wote uko juu juu, kama mafuta juu ya supu. Na samaki wa mawe wanategemea ule ukanda mwembamba wa pwani, pamoja na mahali ambapo mama akiwa amesimama maji yanamfika kiunoni au shingoni.

Na ni pale pale tunapokokota vyandarua.

Tuseme wazi, kwa sababu huu ni ukurasa wa jamaa. Vyandarua vya mbu tulivyopewa kwa ajili ya watoto, wengi tumevishona viwili viwili na kuvikokota pwani. Matundu yake ni madogo, hayaachi kitu: yanabeba vitoto vya samaki na mama mwenye mashavu yaliyojaa, pamoja. Na usiku mtoto analala bila chandarua, kesho tunapanga mstari kwenye kituo cha afya kwa malaria. Hatumhukumu mtu. Baadhi yetu tunaoandika tumekokota, na mwenye chungu kitupu hachagui ukubwa wa tundu.

Kwa hiyo tulikata shauri kwamba wamama wawili wanaokokota katika kikundi chetu wapewe likelemba mbele ya wengine, ili wanunue ndagala kwa wavuvi wa katikati ya ziwa, waanike na kuuza. Mmoja alikubali. Wa pili alikataa, na maneno yake tunayaandika kama alivyoyasema: "Mwaka 2024 nchi zote za ziwa zilipatana kufunga uvuvi miezi mitatu, kutoka tarehe 15 mwezi wa tano. Ikifungwa tena, mtaji nitaula na ndagala sitakuwa nayo. Mtanipa nini miezi hiyo?" Hatukuweza kumjibu. Kikundi chochote ambacho kimepata njia ya kupita miezi ile, kituandikie, tutachapa barua yake hapa.

Siku ya Mungu alasiri tuliazima lineti za maji kwa mwalimu, tukaenda sita, pamoja na wale watatu wanaoogelea, hadi kwenye mawe yaliyo mbali na nyumba. Yule aliyeuliza "walivua wangapi" aliingia mpaka kiunoni, akashikwa mikono huku na huku, akaweka uso ndani. Alikaa muda mrefu mpaka tukaogopa. Alipoinuka alisema ameona mmoja wa bluu anayemfukuza mwenzake kwenye jiwe lake, "kama watu wa kiwanja," na akarudisha uso ndani kabla hatujamuomba zamu.

Mwenye kutaka kujaribu na watoto asikilize haya. Usiende baada ya mvua, maji yanachafuka na huoni kitu. Epuka midomo ya mito na matete, ndiko mamba hukaa. Epuka pia maji yaliyotulia penye majani na mahali watu wanapojisaidia, kwa sababu ya bilharzia. Mtoto akikojoa damu mpeleke kituoni, dawa ipo. Usiingize mkono kwenye matundu ya mawe: swira wa maji anakaa humo, ana sumu, ingawa anatafuta samaki na hatafuti wewe. Mtoto asiingie peke yake hata kama anajua kuogelea, na asipite mahali anapoweza kusimama. Upepo ukianza, mtoke wote.

Lineti ni moja tu. Ziko kwa katibu, mwalimu ametuachia mpaka mwisho wa mwezi. Anayezichukua Jumamosi azirudishe Jumatatu, zimeoshwa, na kioo kisiwe kimekwaruzwa na mchanga.